Doa la Chai

Mzee wa kanisa aliingia chumba cha vitabu bila hata hodi, akafungua gunia, akaanza kung'oa riwaya kabatini kama anayepalilia magugu. Mama Gundi aliduwaa na sindano mkononi. Riwaya hizo zilitupwa na shule. Yeye ndiye aliyezishona migongo, moja moja, kwa miaka tisa. Damu ilimchemka.

"Shemeji, zinakwenda wapi?"

"Jikoni, zikawashe moto. Kamati imeamua. Hadithi za uongo hazikai nyumba ya Mungu."

"Uongo? Msamaria mwema baba yake nani? Na mwana mpotevu, wewe ulikiona kitambulisho chake?"

"Usinichezee, shemeji. Ile ni mifano ya Bwana."

"Bwana alitunga hadithi, watu wakaelewa. Ninyi mnatunga kamati!"

Mzee akanuna, akazidi kujaza gunia. Mama Gundi akamnyang'anya kitabu chenye jalada la kijani, akakifungua palipokuwa na doa.

"Hii chai ni yako. Ulipovunjika mguu nilikusomea ukurasa huu, baba anapomlilia mwanawe, ukalia mpaka kikombe kikakuponyoka. Siku ileile ukaniomba nikamwite mwanao uliyemfukuza. Leo ndiye anayekutunza. Haya, kachome!"

Mzee alilipapasa doa kwa kidole. Kisha akapiga magoti, polepole kwa ajili ya ule mguu, akaanza kurudisha vitabu kabatini. Alivipanga kichwa chini.

"Vigeuze!" Mama Gundi alifoka, hasira bado haijamwisha. "Navyo vina heshima zake."