Waya Mweusi Chini ya Kiti

Yustina alikataa kwenda nyumbani kunywa chai. Alivuta kiti cha plastiki karibu na boneti ya Landkruza yake, akakaa kumtazama fundi Sixte kila alipobadilisha spana. Hakumfahamu. Sixte alitoka Katumba mwaka huu tu, akafungua gereji hapa Nsemulwa, na Mwandu, dereva wa Yustina, alishamwonya bosi wake: "Yule anabadilisha vifaa. Unaingia na kipya, unatoka na kilichochoka. Na hiyo kompresa ya nini? Pampu ya mguu inatosha."

Lakini Yustina alikuwa akipeleka mbegu Usevya, na msimu wa mvua uliopita gari lilizama kwenye tope jeusi. Yeye na Mwandu walipunguza upepo wa matairi ndipo likatoka, kisha wakashinda juani wakiyajaza kwa pampu ya mguu. Safari hii alitaka kompresa, gari lijaze upepo lenyewe.

Kabla kompresa haijafungwa, alizipiga picha namba zilizochapwa juu yake, isije ikabadilishwa. Sixte aliona, akachukua spana. Aliifunga kwa bolti pembeni ya betri, mbali na joto la injini, akavuta waya mnene kutoka betri na kuupitisha kwenye fyuzi. Halafu akalala sakafuni ndani ya gari apitishe waya wa swichi. Hapo akatulia ghafla.

"Kuna nini?" Yustina aliuliza.

"Hamna kitu, mama."

Alijibu haraka mno. Yustina aliinuka. Mkono wa fundi ulikuwa unasukuma waya mweusi chini ya zulia.

"Huo umeuweka wewe?"

"Hapana. Nimeukuta."

"Mbona unauficha?"

Sixte alikaa mlangoni mwa gari, akafuta mikono kwa kitambaa. "Tangu asubuhi unanitazama kama mwizi, mama. Nikikuonyesha waya nisioujua, utasema ni wa nani?"

Yustina aliuelekezea waya kidole. "Ufuate," alisema. "Mbele ya macho yangu."

Waliufuata. Ulianzia kwenye swichi ndogo chini ya kiti cha dereva, ukashuka kupitia tundu lililotobolewa kwenye sakafu, ukaishia nyuma kwenye tangi la dizeli. Hapo palikuwa na pampu ndogo kama ngumi, imefungwa kwa mpira wa tairi, na bomba limekunjwa nyuma ya bampa. Sixte aliweka ndoo, akabonyeza swichi. Dizeli ikatoka taratibu.

Yustina aliitazama ndoo ikijaa. Alishagombana na watu wa kituo cha mafuta. Alishabadilisha nozeli zote za injini, akitafuta kwa nini gari linakunywa sana.

Saa saba Mwandu alikuja kuchukua gari. Aliiona ndoo.

"Huyo fundi ndiye kaweka," alisema, kabla hajaulizwa.

"Kaweka nini, Mwandu?"

Mwandu alirudi nyuma hatua moja. Akatoa funguo mfukoni, akaziweka juu ya boneti, akaondoka kuelekea barabarani bila kugeuka.

Sixte alirudi kazini. Alipomaliza, kompresa ilinguruma, na mshale wa kipimo cha upepo ukapanda.

"Nisamehe, fundi," Yustina alisema.

"Sawa, mama." Lakini hakuinua macho, aliendelea kukusanya spana zake.

Yustina alipanda kwenye kiti cha dereva. Alikuwa hajaendesha kwa miaka miwili, na miguu haikufika kwenye pedali. Akasogeza kiti mbele, akawasha gari, akaondoka polepole, akisikiliza kila mlio kana kwamba gari lilikuwa la mtu mwingine.