Majivu ya Joko la Bhirwana

Daktari Kaushal, msomi wa mambo ya kale, alisema mji uliofukiwa pale uliteketezwa na maadui, nami nikiwa chini ndani ya shimo lake na karai mkononi nikasema si kweli. Nilisema polepole, maana sikuzoea kumpinga mtu wa suruali iliyopigwa pasi. Wanaume waliokuwa wakichimba wakacheka. Daktari akainama ukingoni.

"Nani amesema?"

"Mimi, Angoori. Haya majivu ni ya joko, Daktari. Hapa watu walichomea vyungu."

"Mama, wewe unalipwa kuchimba au kufundisha?"

"Kuchimba. Kufundisha nakupa bure."

Siku hiyohiyo nilinyang'anywa mwiko wa kuchimbia nikapelekwa kuosha vigae vya vyungu vya kale. Alidhani ni adhabu.

Nimezaliwa kwa wafinyanzi, nikaolewa kwa wafinyanzi, hapa kijijini Bhirwana, chini ya kilima ambacho wasomi wanasema kimefunika mji wa miaka elfu nne na zaidi. Mume wangu huzungusha gurudumu la kufinyangia. Mwanamke kwetu haruhusiwi kuligusa, lakini kazi nyingine zote ni zetu: kukanyaga udongo, kupiga kuta za chungu kwa kibao mpaka ziwe nyembamba, kuchora mistari, kupanga joko. Na joko letu si jengo. Tunatandaza samadi kavu ya nyati, tunapanga vyungu, tunaongeza samadi na nyasi, kisha tunafunika kwa vigae vya vyungu vilivyovunjika na kukandika tope juu. Ukifunua baadaye, kila kigae cha kufunikia kina masizi upande mmoja tu, ule uliotazama moto.

Katika shimo la Daktari vigae vilikuwa hivyohivyo, mamia kwa mamia, pamoja na vyungu vilivyopinda midomo ambavyo hakuna mtu mwenye akili angeviweka nyumbani kwake. Boriti iliyoungua haikuonekana hata moja. Mfupa haukuonekana. Sasa hao maadui walisafiri kote huko kuja kuchoma nini, samadi?

Ningemwachia vita vyake avifurahie. Lakini kwenye ramani yake alikuwa amechora uzio wa kulinda huo "uwanja wa vita", na uzio ulipita katikati ya mahali tunapochomea vyungu vyetu, nyumba ishirini na mbili za wafinyanzi. Aliandika kwamba sisi ndio wavamizi, watu wa juzi tunaoharibu mabaki ya kale. Wiki iliyofuata ofisa wa wilaya angekuja kutia sahihi. Tusipochoma hatuna kazi, labda twende mjini Panipat kubeba marobota viwandani.

Nikaamua kulikata joko letu lipasuke katikati, ili kila mwenye macho aone majivu yanavyolala.

Halikuwa jambo dogo. Nyumba yetu imechomea mahali pamoja tangu enzi za babu wa baba mkwe. Kabla ya kuwasha moto, baba mkwe hupapaka rangi nyekundu na kupawekea sukari guru, kama afanyiwavyo mama anayekaribia kujifungua. Pale hapatiwi jembe. Halafu mimi ni mke wa mtoto wake: mbele yake nafunika uso kwa mtandio mpaka kidevuni, na siongei naye. Nikiwa na neno, linapita kwa mume wangu.

"Unataka niuawe?" mume wangu alisema nilipomtuma akaombe ruhusa. Akaenda hata hivyo.

Baba mkwe, mzee Chandgi, alijibu kupitia kwake, ingawa nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka kitandani kwake. "Mwambie mkeo, akitia jembe pale, mimi sili tena chakula cha mkono wake."

"Mwambie baba," nikasema, "chakula kitakuwepo, ale asile."

Kesho yake mchana, baba mkwe alipokwenda bwawani kuchota udongo, nilichimba. Nilichimba kama walivyonifundisha watu wa Daktari wenyewe: kamba nne, kuta zilizonyooka, kila tabaka na karatasi yake yenye namba. Kisha nikamwita Pallavi, mwanafunzi wa Daktari anayepiga picha za mashimo na kuchora kuta zake. Alishuka, akachuchumaa, akapitisha kidole juu ya majivu meupe, udongo mwekundu, vigae vyenye masizi upande mmoja.

"Dada Angoori," akasema, "hii ni ileile kabisa."

"Nilisema lini kwamba siyo? Piga picha."

Akasimamisha kile kijiti chake cha kupimia chenye pingili nyeusi na nyeupe, akapiga. Aliporudi baba mkwe alitazama lile shimo, akakaa chini palepale kwenye vumbi, punda wake na mzigo wa udongo wakimsubiri. Siku nne alikula kwa ndugu yake, na mikate yangu ya uwele ikarudi jikoni kama ilivyotoka. Iliniuma, sitadanganya. Niliogopa kwamba nimekosa huku na kule: nimelivunja joko na bado uzio utapita.

Ofisa wa wilaya, Bi Sangwan, alikuja asubuhi ya Jumatano, akaketi kwenye uwanja wa shule. Wanaume walikaa mbele kwenye vitanda vya kamba, sisi wanawake nyuma kwenye mkeka, nyuso zimefunikwa. Daktari alikuwa ametundika picha kubwa kwenye kamba. Akashika fimbo, akaanza.

"Tazameni tabaka hili jeusi. Nimechagua picha hii mwenyewe kwa sababu hakuna inayoonyesha wazi zaidi. Hapa ndipo adui alipoingia. Watu walikimbia, wakaacha vyungu vyao motoni..."

Nikauvuta mtandio kidogo nione. Picha ile niliijua. Mpaka leo sijui kama Pallavi alikosea kuichanganya na picha za Daktari au alikosea kwa makusudi, na sijamwuliza.

Nikasimama. Sauti yangu baba mkwe hakuwahi kuisikia mbele za watu tangu niolewe.

"Daktari, hao watu hawakukimbia. Wamekaa hapa, wanakusikiliza."

"Nani huyo?"

"Yuleyule wa karai. Ona kifuniko hicho kilichovunjika, chenye mistari mitatu. Mistari hiyo nimeichora mimi, kabla ya sikukuu ya Diwali iliyopita. Hilo ni joko letu. Adui aliyelichoma ni mimi na mume wangu."

Kicheko kilianzia kwa wanawake kikasambaa mpaka kwa askari wa Bi Sangwan. Daktari akaisogelea picha pua ikakaribia kuigusa. Akageuka, uso umemwiva.

"Aliyechimba hapo ni nani? Kuchimba jirani na kilima bila kibali ni kosa la jinai! Nataka jina."

Kicheko kikakatika. Mume wangu akaanza kuvikagua vidole vya miguu yake. Mimi nilikuwa nimeshafungua kinywa niseme, lakini mbele huko kitanda cha kamba kililia, na mzee Chandgi akainuka kwa taabu, kilemba kimekaa upande.

"Jina ni Chandgi," akasema. "Nilimtuma mke wa mwanangu achimbe. Joko ni la baba yangu, nikitaka kulipasua nalipasua. Kama ni jela, nichukueni. Ila mnipe chumba chenye jua, magoti yangu hayapendi baridi."

Ulikuwa uongo mtupu, na kijiji kizima kilijua.

Bi Sangwan alimtazama mzee, kisha akamgeukia Daktari. "Picha hii ya joko na zile za shimo lako, zinatofautiana wapi?"

Daktari alipekua karatasi zake. Akapekua tena. "Inahitaji uchunguzi zaidi," akasema mwishowe.

"Basi chunguza. Sisaini uzio kwa ajili ya vita ambavyo hata wewe huwezi kuvitofautisha na uchomaji wa vyungu." Akaikunja ramani. "Na hilo joko, nani atanionyesha?"

Wanaume wote wakamtazama baba mkwe. Yeye akageuka nyuma, kwenye mkeka wa wanawake. Kwa miaka kumi na minane hakuwahi kunitamkia neno moja kwa moja.

"Angoori," akasema, "waonyeshe wewe, mimi sijui kusoma shimo. Na useme kwa sauti, wa nyuma wasikie."

Mtandio ulinizuia kuona njia. Nikausukuma nyuma mpaka utosini, uso wangu wazi mbele yake, nikatangulia, nao wote wakanifuata.