Mabega ya Fundi

Msinicheke, lakini mabega ya Fundi yalikuwa yamefika masikioni na hakuna aliyejua, yeye mwenyewe akiwa wa mwisho kabisa. Hayakupanda kwa siku moja, la hasha. Yalipanda kidogo kidogo, kila mteja aliposema "nataka leo leo", kila umeme ulipokatika katikati ya pindo. Na Fundi, kwa kuwa cherehani anaijua, kila yalipopanda alijikatia blauzi ya kuyafuata, mambo yakaendelea. Ukimuuliza kama amechoka, alikukatiza: "Nani, mimi? Mimi mzima wa afya!"

Faida hazikukosekana, tusimwonee. Simu ilikaa kati ya bega na sikio bila kushikwa, na mama mkwe wake alipogundua hilo aliacha kabisa kuikata. Asubuhi anaanza, jioni bado yumo. Hasara ni kwamba kila aliyemuuliza swali aliona kapandishiwa mabega. Kinyozi wa mkabala alishamnunia. "Namuuliza habari za asubuhi, ananiambia hajui!"

Sasa, Fundi alikuwa na tabia moja. Nguo ya mtu wa ukoo haikupimwa kwa futi, aliishonea mwilini mwake mwenyewe, maana wanawake wa nyumba ile wote ni umbo moja. "Mabega yangu ndiyo rula," alipenda kusema. Ndivyo alivyoshona gauni la harusi la bintiye, mwalimu wa chekechea, mtoto pekee aliyebaki naye nyumbani, baba mtu akiwa dereva wa masafa marefu asiyeonekana. Fundi alilijaribu mbele ya kioo, likamkaa kama limemwagwa.

Harusi kesho. Binti akalivaa. Lo! Mabega ya gauni yalisimama peke yake huku na huku, matupu, na kichwa cha bibi harusi kikachungulia katikati kama cha kobe.

"Simama vizuri, mwanangu."

"Nimesimama, mama."

"Basi inua mabega."

"Mabega yangu si ndiyo haya!"

Fundi akashika kichwa. "Mungu wangu, mtoto mabega yamemwanguka! Atafunga ndoa vipi hivi?"

Akamwita mdogo wake, aliyekuja kusaidia harusi na sasa yuko uani akisugua masufuria, naye, badala ya kutumia macho aliyopewa, akaangua kilio. Ikabidi aitwe nesi wa nyumba ya pili. Nesi akamgusa binti shingo, akamgeuza, akasema huyu hana tatizo lolote. Kisha akamtazama Fundi, akamtazama tena.

"Jirani, mabega yako yako wapi?"

"Haya hapa."

"Hayo ni masikio."

Fundi akapapasa shingoni. Akakuta simu, mama mkwe bado yumo.

Mdogo mtu akarukia kuyabonyeza. Akibonyeza la kulia, la kushoto linapanda. Akapanda kiti apate nguvu, wapi!

"Mwache," nesi akasema. "Kaa, Fundi. Umebeba nini?"

"Sijabeba kitu. Huoni mikono yangu mitupu?"

"Fundi!"

"Aah, ni sare za shule tu, zinatakiwa Jumatatu." Akasita. "Na tangi la maji linavuja."

"Tangi niachie mimi."

Pale pale bega likashuka, krr, kama droo iliyokuwa imegoma. Fundi akashtuka, akajaribu tena. Hajui nani ataifuata keki. "Mimi, dada!" Krr. Na wageni watalala wapi? "Kwangu!" Na zile sare? "Mimi, mimi!" mpaka nesi akamkemea yule mdogo mtu, maana ya kwake nayo sasa yaligusa hereni. "Gawaneni, jamani! Mtamaliza huyu mtaanza na yule?" Simu ikakosa pa kukaa, ikaanguka, na mama mkwe akasikika kutoka chini ya cherehani: "Haloo? Mkamwana? Mbona unanitupa?" Hakuna aliyemwokota.

Yakafika usawa wa kidevu, yakagoma.

"Kuna kingine," nesi akasema.

"Hakuna." Fundi alichezea uzi vidoleni. Halafu machozi yakamtoka tu, bila hata kumwomba ruhusa. "Naogopa, jirani. Kesho kutwa nitaamka nyumba iko kimya. Nitaita mtu anitungie uzi kwenye sindano na hakuna atakayeitika. Naogopa kweli."

Nesi akatazama dirishani. Safari hii mdogo mtu hakusema mimi.

Lakini mabega yakashuka, taratibu, mpaka pale yalipo ya watu wengine. Shingo ikatokea, shingo nzuri ajabu, walishaisahau wote. Mdogo mtu akapiga makofi. Fundi akacheka huku analia, akageuka amwonyeshe bintiye.

Binti alikuwa mbele ya kioo, midomo kaibana. Gauni lilikuwa limemkaa sawasawa, halina nafasi hata ya kupitisha kidole. Mabega yake yalikuwa yamefika masikioni.

"Tazama, mama, limenienea," akasema. "Na nimefikiria, harusi tunaweza kuisogeza mbele kidogo. Au tuje tukae hapa hapa na wewe."

"Limekuenea wapi!" Fundi akafoka. Akamshika mabega kwa mikono yote miwili, lakini hakuyabonyeza. "Hilo la kuogopa ni langu, mwanangu. Nimelisema nisikike tu, sikukupa wewe. Vua gauni, nilifumue."