Lori Ndani ya Duara

Siri yake mdogo wangu aliitoa mezani, mdomo umejaa chakula.

"Dada, wenzangu wanahangaika na hesabu za umbali mpaka wanatoka jasho. Mimi natazama lori tu. Likijaza nusu ya duara la kulengea shabaha, nafyatua. Sijakosa hata mara moja."

Mama alimwongezea mchuzi. Tangu kijana aingie chuo cha marubani wa kivita, majirani walikuwa wameacha kumwita kwa jina langu, mimi kifungua mimba wake. Sasa alikuwa Mama Rubani, na aliitika kabla hawajamaliza kumwita.

Mimi niliacha kula. Kazi yangu ni kuendesha mashine ya mafunzo katika chuo hichohicho. Ni chumba chenye kiti cha rubani, usukani na skrini tatu zinazomzunguka mwanafunzi. Anarusha ndege ya mashambulizi bila kuondoka sakafuni. Mimi hukaa nyuma ya kioo, naweka mawingu, naweka upepo, naweka shabaha. Na katika mazoezi yote shabaha ni lori lilelile, urefu uleule. Ndugu yangu hakuwa amejifunza kukadiria umbali. Alikuwa amelizoea lori.

"Na siku isipokuwa lori?" nikamuuliza.

"Itakuwa nini, baiskeli?"

Mama akacheka mpaka akashika mbavu.

"Nasema kweli. Gari dogo lililo karibu na lori lililo mbali, kwenye duara yanalingana. Soma kimo cha ndege. Tazama ardhi yenyewe, upana wa barabara, miti."

"Dada yangu, wewe bonyeza vitufe vyako. Anayekaa kwenye kiti ni mimi."

Nikamwambia tena asubuhi, na tena siku ya mtihani, mlangoni kabisa. Akanipiga begani, akaingia.

Kapteni mtahini alikaa karibu nami, akavaa vipokea sauti. "Shabaha chagua mwenyewe," alisema, kama anavyosema kila mara. "Gari lolote."

Wanafunzi waliotangulia niliwapa lori. Kidole changu kilikuwa juu ya lori. Ningebonyeza tu, na jioni ile nyumbani tungeshangilia. Lakini nilimwona akilini katika ndege ya kweli, kwa macho yaleyale, anasubiri duara lijae. Nikaweka pikapu.

Akainamisha pua ya ndege. Katika duara pikapu ilikuwa kama punje.

"Bado iko mbali," alisema.

Haikuwa mbali. Kimo kilikuwa kinaporomoka mbele ya macho yake, wala hakukitupia jicho.

"Bado... bado kidogo..."

Mashine ikaanza kupiga kelele: vuta juu, vuta juu. Yeye anasubiri nusu ya duara. Ikajaa. Akafyatua, na pikapu ikalipuka vizuri sana.

"Nimeipata!" alipaza sauti, furaha tupu.

Kisha ardhi ikamfikia. Skrini zote tatu zikawa nyekundu.

Kapteni akavua vipokea sauti. "Huyu amekufa," alisema, kama mtu anayesema chai imepoa. Akaandika kwamba hafai kurusha ndege, apelekwe ghalani.

Nyumbani mdogo wangu alikaa na viatu miguuni, hakuvua hata kofia.

"Wote walipewa lori, Mama. Wote! Mimi peke yangu pikapu. Muulize nani aliyeiweka."

Mama akanigeukia taratibu. "Ulijua hataiweza?"

"Nilijua."

"Na ukaiweka?"

"Niliiweka."

"Mtoto niliyekubebesha mgongoni! Ungempa lori, angejifunza hayo mengine mbele ya safari."

"Huko mbele hakuna skrini, Mama. Anayegonga ardhi hafanyi marudio."

"Hukuwa na haki," mdogo wangu alisema. Sauti ilimkatika. "Nilikwambia wewe kwa sababu ni dada yangu."

Hilo lilinichoma, sikatai. Sikulala vizuri siku hiyo na sijalala vizuri tangu hapo. Hanisalimii. Anahesabu matairi ghalani, na tukipishana kwenye korido ya chuo anatazama ukuta.

Mama bado ananiita chumbani kwake, anafunga mlango, ananishika mkono. "Neno moja tu, mwanangu. Mwambie samahani, nyumba itulie."

"Mtoto wako yuko hai, Mama. Simwombi samahani."