Mtetemo wa Saa Nane

Kwa siku tatu mfululizo, ikifika tu saa nane mchana, mchoro kwenye kompyuta ya Nthenya ulipanda na kushuka kama milima ya Taita. Kazi yake, pale ofisini Voi, ilikuwa kufuatilia mitetemo ya mtambo wa upepo unaosukuma maji kule Kasigau. Kifaa kidogo chenye sumaku, kilichobandikwa karibu na beringi inayozungusha mapanga ya mtambo, ndicho kilichomletea habari, maana beringi ikianza kulika hutetemeka kabla haijapiga kelele.

"Hii beringi imekufa," alimwambia Musyimi, fundi mwenzake. "Tena inanguruma hata upepo ukiwa umetulia. Sijawahi kuona ugonjwa kama huu."

Wakapakia beringi mpya, jeki na debe la grisi, wakarushwarushwa na barabara mbovu hadi viuno vikalegea. Nthenya akajifunga mkanda, akapanda ngazi mpaka juu, jasho likimchuruzika. Akaizungusha beringi kwa mkono. Nzima, haikwaruzi hata kidogo. Kifaa ndicho hakikuwepo.

Alishuka akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Gibson, mlinzi wa mtambo, aliyeishi hatua chache tu kutoka pale.

"Amelala. Si analinda usiku?" alisema Tryphena, mkewe.

Hapo hapo mngurumo ukatoka ndani, dirisha likatikisika. Nthenya akatazama simu yake: mchoro umepanda. Mngurumo ukakatika, mchoro ukashuka. Aibu ikamchoma masikio, kisha kicheko kikamponyoka.

Kifaa kilikuwa kimenata kwenye chuma cha kitanda, kichwani pa Gibson.

"Nilipopanda kutia grisi nilikikuta kinachezacheza, madam," Gibson alijitetea akifikicha macho. "Nikaona kisije kikaanguka. Nikakileta nyumbani kikae salama."

Tryphena hakuwa na habari na grisi. "Injinia, hiyo mashine yako inaweza kutoa karatasi? Miaka kumi na saba namwambia huyu mtu anakoroma, yeye anasema ni mbwa wa jirani."

"Si ni mbwa!" Gibson akasema.

Nthenya alikirudisha kifaa juu, akakikaza vizuri, akangoja mpaka mchoro ukatulia. Kesho yake akatuma Kasigau karatasi tatu zenye mchoro wa siku zile tatu.

Jumapili Tryphena akapiga simu. Shemeji zake walikuwa wamezisoma zote baada ya kanisa, wakacheka hadi wakalia, na Gibson alikuwa amekubali kuja Voi daktari amwangalie pua.

"Basi mpite hapa ofisini mnywe chai," Nthenya akamwambia.