Kohozi la Mama Mkwe

Mkuu wa maabara hakuwa akiogopa kifua kikuu. Aliyemwogopa ni mama mkwe wake. Mama huyo alikuwa amemaliza dawa za kifua kikuu, daktari kamruhusu, na sasa alitaka jambo moja tu duniani: aje kwa binti yake ampakate mjukuu wake wa kwanza. Mkwewe kila alipoufikiria ulimi wake mkali sebuleni kwake, jasho lilimtoka.

"Mama, tujiridhishe kwanza," alimwambia kwa heshima zote, siku aliyokuja kuomba akashinda barazani kwao bila kumpakata mtoto. "Mashine yetu haidanganyi."

Haidanganyi kweli. Inatafuta vinasaba vya bakteria, ikivikuta inasema vimo. Ila haitofautishi mzima na maiti, na mabaki ya bakteria waliokufa huweza kubaki kifuani muda mrefu baada ya mtu kupona. Ndiyo maana aliyetoka kumaliza dawa hapimwi nayo. Bwana mkubwa alilijua hilo vizuri, tena ndiye aliyewafundisha wenzake. Akalitia kohozi la mama mkwe mashineni, akaenda zake kunywa chai. Majibu yakatoka: wamo. Usoni akasikitika, moyoni akapiga vigelegele.

Ila alisahau kwamba mashine ile ina kiherehere. Ikikuta ugonjwa, huyarusha majibu kliniki yenyewe, haingoji kutumwa. Asubuhi yake muuguzi akapiga hodi nyumbani kwake na mfuko wa dawa.

"Bibi alishinda hapa juzi, siyo? Basi mtoto aanze dawa za kinga leo. Ni za miezi."

Mke akaangua kilio. Mama mkwe, aliyekuwa ameitwa pia, alisimama mlangoni na barakoa yake, hathubutu kuingia.

"Nimemponza mjukuu wangu," alisema, na ulimi wote ule ukaishia hapo.

Muuguzi alimpima mtoto, akayeyusha kidonge kijikoni. Mtoto akafungua kinywa mwenyewe, akidhani analetewa maziwa. Hapo baba mtu akashindwa kuvumilia.

"Acha! Mama kapona! Mashine imesoma maiti!"

"Ulijua?" mkewe akauliza.

"Nilijua."

Aibu ilimshika, akatamani ardhi ipasuke. Mama mkwe alivua barakoa, akanawa mikono, akampakata mjukuu wake. Mkwewe alikaa akingoja matusi, wala hakupewa hata moja. Mama alimgeukia binti yake.

"Mwanangu, mimi nilitaka kuja kutembea tu," alisema. "Sasa nahamia."