Ni Vumbi Tu

Hapa kwetu Mbozi, ukifika mwezi wa sita, hakuna mtu anayeumwa mafua. Wote wana vumbi. Mtu atapiga chafya tatu mfululizo, macho mekundu, pua inachuruzika, na ukimuuliza atakwambia ni vumbi tu. Kweli vumbi lipo, upepo wa baridi unalitoa barabara kuu kule Mlowo na kutuletea hadi kwenye mabakuli ya uji, lakini vumbi halimpi mtu homa. Mimi Ruti nina miaka sabini na mmoja, na neno hilo nalichukia kuliko matusi.

Sababu ninayo. Mwaka jana shemeji yangu Eliudi, mdogo wa mume wangu, alikuja kututembelea na vumbi lake. Akakaa na kaka yake chumbani, madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi, wakanywea chai kikombe kimoja cha bati kama walivyozoea tangu utoto. Wiki haikuisha, Eliudi yuko shambani mzima anachuma kahawa, na mume wangu Nikodemo, mzee wa miaka sabini na minane, yuko hospitali na nimonia, anasaidiwa kupumua kwa oksijeni. Siku tisa nilikaa kando ya kitanda chake nikihesabu pumzi. Siku ya kutoka, daktari alinieleza kwamba kirusi kinachompitia kijana kama mgeni wa siku mbili, kwa mzee kinaweza kushuka kifuani na kuhamia. Nisimruhusu mwenye kikohozi kumkaribia, watu wanawe mikono, madirisha yafunguliwe, na mzee akianza kupumua kwa shida nisingoje kesho. Nilirudi nyumbani na maneno hayo kichwani kama mtu aliyebeba mayai.

Mwaka huu nilikuwa na sababu kubwa zaidi. Mjukuu wetu Pendo, mwalimu kule Chitete, alikuwa anaolewa na kijana wa Tunduma anayeitwa Ipyana, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa sita, katikati ya baridi. Baba yake, mwanetu Ezron, alifariki Pendo akiwa darasa la pili, na sisi ndio tuliomlea. Ananiita mke mwenza, kwa sababu tangu ana miaka minane tunagombea mume mmoja. Alikwisha sema kwamba hataingia kanisani kwa mkono wa mtu mwingine. Babu asipoweza kusimama, harusi itangoja.

Basi wiki tatu kabla ya siku yenyewe nikatangaza sheria. Ndoo ya koki na sabuni niliziweka kwenye ngazi ya mlango. Mwenye kikohozi mwisho wake kwenye vichanja vya kuanikia kahawa, hatua kumi kutoka nyumbani. Kupeana mikono nikapiga marufuku. Anayetaka kumsalimia mzee apige goti na kupiga makofi taratibu, kama tulivyowaamkia wakubwa kwetu Unamwanga, upande wa Mpemba nilikozaliwa, na mzee atajibu kwa makofi. Wanyiha wa hapa wakacheka kwamba nimewarudisha kwa bibi yangu, lakini walipiga. Na kila aliyeniambia ni vumbi tu, nilimjibu jibu moja:

"Kama ni vumbi, ndoo ile pale."

Kijijini wakasema namfuga mzee kama kuku wa mayai. Vikao vya harusi vilifanyika uani, wajumbe wamejifunika mablanketi, na mchungaji alinawa kama wenzake. Nikodemo mwenyewe alilalamika kwamba amewekwa ndani kama mwali, akauliza mbele ya kikao bi harusi ni nani, yeye au Pendo. Nilicheka na wenzangu, kisha nikaenda kufungua dirisha alilokuwa amelifunga kwa siri.

Eliudi alipokuja anakohoa, nilimsimamisha kwenye vichanja. Akasema ni vumbi tu la Mlowo. Nikamwambia, watu wote wakisikia, kwamba vumbi lake la mwaka jana nusura linifanye mjane. Aliondoka bila kuaga na hakukanyaga kwetu kwa siku kumi. Nikasema na aende. Ukali wangu naujua, nimezaliwa nao, na nilipokuwa msichana hata ng'ombe wa baba walikuwa wananikwepa.

Jumanne ya wiki ya harusi nilikwenda Mlowo kuchukua nguo yangu kwa fundi cherehani. Kibanda kidogo, mlango umefungwa kwa sababu ya upepo, tumo wanawake sita na mmoja anakohoa kwenye kanga. Barakoa nilikuwa nayo, nilitoka nayo nyumbani usoni. Lakini fundi alikuwa amekosea mikono ya nguo, mmoja mrefu mmoja mfupi, nami nilitaka auone uso wangu vizuri ninapomwambia ninachomfikiria. Nikaivua barakoa na kuitia mkobani. Nilimsema kwa nusu saa nzima, na nguo ikatoka nzuri ajabu, kitenge cha bluu na mabega yamesimama.

Ijumaa asubuhi nilikuwa nageuza kahawa kwenye vichanja, Nikodemo anaota jua kwenye kiti chake mlangoni na kitabu cha nyimbo mapajani. Nikapiga chafya. Nikapiga ya pili. Mzee akainua macho.

"Ni vumbi tu," nikasema.

Akanyoosha kidole. "Kama ni vumbi, mama Ezron, ndoo ile pale."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilinawa. Ilipofika saa sita koo lilikuwa linawasha na mgongo unauma, nami nilijua. Lakini nguo ya bluu ilikuwa inaning'inia mlangoni, na benchi la mbele kanisani lilikuwa na nafasi yangu, na nani aliyejua zaidi ya mzee aliyesikia chafya mbili? Nilikunywa tangawizi kimyakimya. Kwa saa nzima, mimi niliyewafukuza watu kwangu, nilikuwa mwongo kuliko wote.

Kisha Nikodemo akaniita nimfunge tai, anajaribu suti. Nilifika mlangoni pa chumba. Alikuwa amesimama wima mbele ya kioo, suti ileile aliyovaa siku ya harusi ya Ezron, sasa imempwaya kifuani kwa ugonjwa wa mwaka jana. Alikuwa anatabasamu na shingo ameinyoosha akinisubiri. Miguu yangu ilikataa kuvuka kizingiti.

"Usinisogelee, baba Ezron," nikamwambia. "Ninayo mafua. Si vumbi."

Nikalia. Sikulia siku tisa za hospitali, nikalia siku hiyo kwa ajili ya benchi.

Jirani yetu Aida alimfunga tai, kisha akanipeleka zahanati. Nami si kijana, hivyo walinisikiliza kifua kwa makini, wakasema kiko safi, nipumzike, ninywe maji mengi, na pumzi ikibana nirudi mara moja. Nikahamia kwenye stoo ya kahawa, dirisha wazi, barakoa usoni. Pendo alikuja akasimama nje ya dirisha, akasema kwa machozi kwamba harusi isogezwe mbele hadi nipone.

"Mke mwenza," nikamwambia, "nimemlinda mume huyu wiki tatu ili akusindikize wewe. Ukiahirisha, umenitukana. Mchukue uende naye."

Jioni hiyo akaja Eliudi. Kikohozi kilikuwa kimekwisha, na nilijiandaa kwa kejeli niliyoistahili. Alisimama kwenye vichanja, palepale nilipomsimamisha, akaniuliza kanisani kifanyike nini. Nikamwambia madirisha, na benchi la mzee liwe pembeni penye hewa. Nikamwomba radhi kwa neno la mjane. Akasema neno lenyewe lilikuwa kweli, ila lilikuwa refu, lilifika kijiji kizima. Alipogeuka kuondoka akaniahidi kwamba kaka yake akifika mbele ya madhabahu kwa miguu yake, atanigongea kengele.

Jumamosi nilivaa nguo yangu ya bluu, nikakaa kwenye mlango wa stoo peke yangu. Kanisa liko ng'ambo ya bonde. Baadaye niliambiwa kwamba Eliudi alifungua madirisha yote kumi na mawili, akina mama wakanung'unika kwa baridi, naye akasimama mbele ya madirisha na mikono kifuani mpaka wakakata tamaa. Mimi nilisikia matarumbeta tu. Yakalia ya kuingilia, kisha yakanyamaza. Nikasubiri. Kichwani nilimwona mzee ameishiwa nguvu, amekaa chini katikati ya kanisa, nikamwona ameshika kifua, niliona kila baya ambalo kichwa changu kiliweza kulitengeneza.

Kengele ikalia mara moja. Nilicheza peke yangu katikati ya magunia, na shingo yangu ya miaka sabini na mmoja ikanikumbusha umri wake kesho yake.

Saa nane matarumbeta yakaanza kupanda upande wetu badala ya kushuka ukumbini. Nilidhani wamepotea njia. Wakaingia uani, Pendo na gauni lake jeupe, Ipyana, Eliudi, na Nikodemo katikati na barakoa yake. Wakasimama kwenye vichanja, hatua kumi, hakuna aliyezidisha hata moja. Pendo akapiga goti, gauni jeupe juu ya udongo mwekundu, akapiga makofi taratibu kama nilivyomfundisha. Ipyana akapiga goti kando yake. Nyuma yao watu wote wakainama wakapiga, wapiga tarumbeta wamebana vyombo kwapani, na uani kwangu kukasikika makofi tu. Nikawajibu kwa viganja vyangu, nikiwa na furaha ambayo hakuna benchi la mbele lingenipa.

Nikodemo peke yake hakupiga makofi. Alikuwa ameshika leso, anajipangusa macho, na mabega yanamtikisika. Nikamuuliza kwa sauti ana nini.

"Ni vumbi tu," akasema.

"Kama ni vumbi, mume wangu," nikamwambia, "ndoo ile pale."